Chupa ya Mutoto Inanuka Esansi

Leo nimenusa chupa ya mutoto mwenye pumu, ikanuka esansi, petroli ya gari.

Wenye hamujui kazi yangu: mi ni nesi wa watoto wa pumu hapa hospitali. Mutoto mudogo hawezi kuvuta dawa ya pompi peke yake. Basi tunachukua chupa tupu ya maji, tunaitoboa kitako, tunachomeka pompi, naye anapumulia mudomo wa chupa.

Tundu ya chupa ya huyu mutoto nilikata mi mwenyewe, pole pole, mpaka ikabana pompi sawasawa.

Leo mutoto ameletwa na baba yake, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi. Kifua kinapiga filimbi. Nikamwambia baba anionyeshe namna wanafanya nyumbani.

Akatoa chupa. Tundu imepanuliwa na kisu. Pompi ikaanguka ndani.

Hata kukasirika kunataka nguvu.

"Madame, unisamehe. Esansi ilikuwa imekosekana, siku ilipatikana sikukuwa na kitu cha kumiminia. Nikaona hii imekatwa vizuri."

Imekatwa vizuri. Jamani, ni sifa ya kwanza nimepata mwezi huu.

Mutoto tukamupa dawa na chupa mupya, akatulia. Mama wa kitanda cha pili alikuwa na chupa tupu, nikaiomba, nikaikata vilevile.

Baba akauliza, "Na hii ya nani?"

"Ya garaji."

Mucheke tu. Ile ya garaji ndiyo itachunga ya mutoto.