Msimu Nyanya Alipoacha Kutafuna

Harufu ya karafuu ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi msimu ule wa mvua, nyumbani kwetu Kapseret, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Nyanya Wanjiru, mama mzazi wa baba, alikuwa akibana karafuu kwenye jino lililomuuma, kisha anatoka nje hata kabla ya chai. Hakuweza kutulia. Alitembea kutoka zizini hadi kwenye ua na kurudi, kiganja shavuni, na ndege zilipopita chini kuelekea uwanja wa ndege alifumba macho kana kwamba ngurumo ile ilimchoma ndani ya ufizi. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la nne, nikilala chumba kimoja naye, na mahangaiko yake yakaniingia. Darasani nilitikisa miguu chini ya dawati hadi mwalimu akanihamisha nikae peke yangu.

Nyanya alikuja Eldoret kutoka Nyeri akiwa bibi arusi, na tangu hapo alifuga ng'ombe wa maziwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika kwa jirani. Sasa githeri ilipoa mbele yake, mahindi na maharagwe yakiwa mazima. Alikunywa uji tu, na maji, maji mengi, jagi baada ya jagi. Nguo zikaanza kumpwaya. Kanisani aliacha kuimba kwa sababu aliona aibu ya kinywa chake kunuka. Nilimwambia mama kwamba jino ndilo linalommaliza, lakini watu wazima walikuwa wameshaamua.

“Mama amezeeka,” baba alisema. “Kazi ya ng'ombe imemshinda. Tumpumzishe.”

Mnunuzi aliyeitwa na baba alikuja mchana, akamfunga kamba Bahati, ng'ombe ambaye Nyanya alimlea tangu akiwa ndama. Nyanya alisimama langoni. Nilingoja agombe, maana kwa kugombana hakuwa na mshindani, lakini shavu lilikuwa limevimba na mdomo haukufunguka. Alitazama tu hadi Bahati akapotea kwenye kona ya barabara. Nililia mimi badala yake.

Siku chache baadaye alianguka zizini akiosha ndoo. Baba alikodi gari, tukampeleka hospitalini mjini. Mimi nilikataa kuachwa. Daktari, mwanamke kijana, alimpima damu, akamuuliza anakula nini.

“Uji,” Nyanya akanong'ona.

“Kwa nini uji tu, Mama? Hebu fungua mdomo.”

Alipofungua, baba aligeuza uso. Fizi zilikuwa nyekundu, zinatoka usaha, na meno mawili yalicheza yakiguswa.

“Ana ugonjwa wa sukari, na sukari imepanda sana,” daktari alimwambia baba. “Sukari inaharibu fizi, na fizi zikioza, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Lazima tutibu vyote viwili.”

“Lakini si ni uzee, daktari?”

“Kuna wazee kuliko huyu wanaotafuna muwa. Huyu ni mgonjwa.”

Waling'oa meno mabovu, wakasafisha fizi, wakampa dawa ya sukari. Baadaye akawekewa meno bandia, ambayo mwanzoni aliyatukana kama mgeni asiyetaka kuondoka. Mwili ukarudi polepole, na sauti ikarudi kabla ya mwili. Neno refu la kwanza alilomwambia baba lilikuwa: “Ng'ombe wangu ulimuuza kwa ruhusa ya nani?” Bahati alikuwa ameshapelekwa mbali, hakurudi. Nyanya alinunua ndama mwingine, akaishi miaka mingi, akazika marafiki waliokuwa wadogo kwake, na aliimba kanisani karibu hadi mwisho.

Siku hizi naishi Kimumu, upande mwingine wa Eldoret, na mjini kuna vibao vya madaktari wa meno karibu kila mtaa. Baba amefikia umri aliokuwa nao Nyanya wakati ule. Jumapili iliyopita alisukuma sahani ya nyama kando, akasema hana njaa. Niliona damu kwenye kitambaa alichojifutia mdomo. Wiki nzima sikukaa nikatulia. Leo nimeomba ruhusa kazini na kuja Kapseret bila kupiga simu.

“Nitaenda kwa daktari wiki ijayo,” amesema baba.

“Baba, vaa koti. Gari liko nje.”

Ameingia chumbani. Namsikia akifungua kabati.