Dhamana ya Vumbi na Maji

Siku ya kwanza Bi Zubeda alipoingia dukani kwa Mwinyihaji pale Changamwe, hakuuliza bei. Alianza kuzigonga kompyuta kwa kifundo cha kidole, moja baada ya nyingine, kama mtu achaguaye matikiti maji. Mwinyihaji akamwacha. Katika kuuza kwake mashine zilizokwisha kutumika Ulaya alikuwa amejifunza kwamba mteja anayegonga ana pesa, na yule anayeuliza maswali mengi ya kitaalamu hana.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hii yalia vizuri. Ile nyingine ni bati tupu."

"Kompyuta hailii, Bi. Kompyuta yafikiri."

"Basi ingoje nijue bei, ndipo ifikiri."

Mwinyihaji akacheka, na hapo ndipo alipofanya kosa, kwa sababu mwanamke yule hakucheka.

Alikuwa na zahanati ya meno Magogoni, na hakuwa daktari. Kabla ya meno alikodisha viti na maturubai ya harusi. Kabla ya viti alishona mapazia. Vyumba vya chini vya nyumba yake alikuwa amevipangisha mpaka akachoka kufukuzana na wapangaji. Akawatoa wote, akapaka kuta rangi nyeupe, akanunua kiti cha mgonjwa kwa daktari mmoja aliyekuwa akistaafu, kisha akaajiri daktari wake mwenyewe: Lynnette, binti wa bara, mikono myepesi na ulimi mzito. Shule Bi Zubeda hakufika mbali. Lakini alijua kuwa mtu mwenye jino bovu haogopi maumivu aliyo nayo, aogopa yale anayokwenda kukutana nayo, na mwenye kumtoa hofu ndiye atakayemlaza kwenye kiti.

Sasa Lynnette alitaka kompyuta. Alikuwa ameacha filamu za eksirei na kupata kile kidude kinachowekwa mdomoni mwa mgonjwa, chenye waya, kinachopeleka picha ya jino moja kwa moja kwenye kioo. Kazi yake kubwa ilikuwa kusafisha mizizi ya meno, na kazi hiyo huifanyi kwa kupapasa. Lazima uone ncha ya mzizi iko wapi.

Mwinyihaji akamtolea mashine ndogo ya chuma, imezibwa kila upande, haina feni wala tundu. "Hii ndiyo ya zahanati, Bi. Kwenu kuna maji, kuna unga wa meno yanayokerezwa. Hii haivuti kitu. Yapumua kwa ngozi."

Bi Zubeda akaishika kwa vidole viwili. "Kijaluba hiki? Nitoe pesa zangu nirudi Magogoni na kijaluba cha tambuu? Wagonjwa watasema nini?"

"Wagonjwa watakuwa wamefungua midomo, Bi. Hawatasema kitu."

"Nipe ile." Akaonyesha kompyuta ya kusimama, kubwa kama kijifriji, feni tatu mbele na moja nyuma.

Mwinyihaji hakubishana. Mteja akitaka kubwa, muuzie kubwa. Walivutana kwa bei mpaka adhana ya adhuhuri, na bei ilipokwama Bi Zubeda akaiacha, akageukia dhamana. Hakutaka ya karatasi. "Karatasi huloa," alisema. Alitaka ya mdomo, mbele ya mtu. Akaitwa Rashid, muuza rangi wa duka la pili, na Mwinyihaji akatamka: "Mwaka mzima. Ikizima, naja mwenyewe. Ikishindikana, nampa nyingine. Isipokuwa vumbi na maji. Ikijaa vumbi au ikimwagiwa maji, mimi simo."

"Vumbi na maji," Rashid akarudia, na wote watatu wakaona mambo yamekwisha.

Mashine ilizima mara ya kwanza Lynnette akiwa amefika katikati ya jino la Dancun, dereva wa malori ya makontena ya Kipevu. Nusu ya uso wa Dancun ilikuwa imekufa ganzi, jino liko wazi, na kioo kikawa cheusi. Bi Zubeda alipiga simu bila salamu.

"Mwinyihaji, mashine yako imekufa na mtu yuko kitini ameachama. Wataka nimwambieje?"

Mwinyihaji akavuka daraja la Nyali jua la saa nane limemkaa kisogoni, gari halina kipoza hewa, na kila aliyempigia honi alimtukana. Alipofika Dancun alikuwa bado amekaa, kitambaa kidevuni.

"Wewe ndiye fundi?" Dancun alisema kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Kaka, mimi nikiegesha lori katikati ya barabara hivi, nafungwa."

Mwinyihaji akabadilisha kile kisanduku kinachopokea umeme ndani ya mashine, akalaumu umeme wa mtaa, akaondoka. Alikuwa na haraka na alikuwa na hasira, na mtu mwenye vyote viwili hatazami kwingine.

Mara ya pili mashine ilizima asubuhi, na safari hii Lynnette mwenyewe ndiye aliyepiga. "Bwana Mwinyihaji, nimemrudisha mama mzima nyumbani na jino limefunguliwa. Nimeliziba kwa dawa ya muda. Nyali kuna watu wananiita tangu mwaka jana, na huko vifaa vinafanya kazi. Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka kuona ncha ya mzizi, basi."

Mwinyihaji akaelewa. Lynnette akiondoka, zahanati ya Bi Zubeda itabaki kuwa vyumba vyeupe vyenye kiti, na Magogoni nzima itasema ni mashine ya Mwinyihaji iliyomfukuza daktari. Akaenda bila kusema anakuja.

Mlangoni akapokewa na harufu ya udi. Nzuri, ya kifahari, ya nyumba yenye bibi harusi. Akaifuata kwa pua mpaka meza ya mapokezi, akainama chini yake, na hapo akakasirika kama hajapata kukasirika maishani mwake. Kompyuta, nyaya zake zimepenyezwa ukutani hadi chumba cha daktari, ilikuwa imegeuzwa mgongo kuelekea mabenchi ya wagonjwa. Mbele ya feni zake tatu, kwa umbali wa kiganja, paliwekwa chetezo, makaa mekundu, kipande cha udi kikifuka juu yake. Mashine ilikuwa ikiuvuta moshi wote kwa mbele na kuupuliza kwa nyuma, polepole, kwa usawa, benchi hadi benchi.

Akafungua ubavu wa mashine. Ndani kulikuwa na utandu mweusi, mzito, unaonata, umeshika kila pangaboi.

"Bi Zubeda!"

"Abee. Umefika? Hata hodi hukupiga."

"Nini hii?"

"Chetezo. Kwenu hakuna?"

"Mashine ya eksirei waifanya feni ya udi?"

"Yausambaza vizuri, wallahi. Nilikuwa nazunguka na chetezo chumba hadi chumba, mkono waniuma. Hii yasambaza yenyewe." Alisema bila aibu hata chembe, kama mtu anayesifia sabuni. "Wajua watu wa Bamburi waja mpaka hapa? Wapita zahanati ngapi njiani? Huko kwanuka mafuta ya karafuu na dawa, mtoto alia kabla hajashuka garini. Kwangu mtu aingia, adhani aja kuposa."

"Umeiua! Utomvu wa udi umeshika feni zote, joto halina pa kutokea, yajizima isiungue. Hii haimo katika dhamana."

"Haimo? Ulisema vumbi na maji."

"Moshi ni vumbi!"

"Moshi ni moshi. Vumbi ni vumbi. Wewe ni mtoto wa Mvita au wa wapi? Mamako akikuambia futa vumbi, wafuta moshi?"

Wagonjwa wawili benchini wakacheka. Mwinyihaji akahisi masikio yanamwaka. Kilichomuuma si maneno ya Bi Zubeda, ni kwamba kila jioni nyumbani kwake mamake hufukiza udi, na yeye, mtu wa pwani aliyezaliwa ndani ya moshi ule, alitaja vumbi, akataja maji, akasahau kitu pekee ambacho hakikosekani katika nyumba ya Mswahili.

Lynnette akatokea mlangoni, glavu mkononi. "Mama Zubeda, hicho kitu kitoke karibu na mashine."

"Kitatoka, mwanangu. Huyu akileta mashine nyingine."

"Nitaleta," Mwinyihaji akasema, "ukiongeza."

"Kuongeza nini? Ile ni dhamana."

"Basi malizaneni nyinyi wawili," Lynnette akasema. "Lakini malizaneni haraka."

Hawakumalizana haraka. Wote wawili walikuwa watu waliojijenga kwa kutokubali kuwa wa kwanza kulegeza kamba. Siku zikapita kwa simu na matusi ya heshima. Mwinyihaji alikuwa na ile ndogo ya chuma rafuni, angeweza kuipeleka jioni ile ile, hakuipeleka. Bi Zubeda angeweza kuongeza kidogo, hakuongeza. Lynnette naye kazi yake ikawa kung'oa tu, meno ambayo yangeweza kuokolewa, na kila alilong'oa alilitupa kwenye beseni kwa kishindo ili lisikike mapokezi.

Mwisho Bi Zubeda akaja Changamwe, akaenda moja kwa moja dukani kwa Rashid. Mwinyihaji alipomwona akipita, akamfuata.

"Rashid, wewe ulisikia. Alisema nini?"

Rashid akamtazama Mwinyihaji, akatazama makopo yake ya rangi. "Vumbi na maji."

"Na moshi?"

"Moshi sikusikia."

"Rashid, nakuuliza kama jirani," Mwinyihaji akafoka, "moshi ukiganda si vumbi?"

"Mimi nauza rangi, ndugu yangu. Nilichosikia ndicho hicho."

Mwinyihaji akarudi dukani kwake. Aliichukua ile ndogo ya chuma rafuni, akaitupa kiti cha nyuma cha gari, akaenda Magogoni akiwa mbele ya Bi Zubeda, maana kuendesha nyuma yake hakungevumilika. Akaifunga mashine, akaunganisha kioo, akatia waya wa kidude cha mdomoni, akaijaribu. Ilifanya kazi kimya kabisa. Bi Zubeda alisimama kando akimhimiza: funga na hii, kaza na ile, niachie na ule waya wa akiba. Alikuwa mpole mno.

"Mwite daktari aijaribu," Mwinyihaji akasema.

"Acha tu. Ataijaribu."

"Yuko wapi?"

"Yuaja."

Akaingia chumba cha ndani. Kiti cha mgonjwa kilikuwa kimefunikwa kwa plastiki. Msumari wa koti jeupe ulikuwa mtupu.

"Ameondoka lini?"

Bi Zubeda akapandisha mabega. "Jana."

"Na ulijua ulipokuwa kwa Rashid?"

"Ningekwambia, ungeileta?"

Mwinyihaji akaokota bisibisi yake, mashine akaiacha, maana dhamana ilikuwa na shahidi. Akatoka.

Baadaye wiki ile simu yake ililia, ilikuwa Lynnette. Huko Nyali walikuwa wakifungua vyumba viwili zaidi na walitaka mashine zisizo na feni. Fundi anayekuja akiitwa, alisema, hata akija amenuna, ni bora kuliko asiyekuja. Mwinyihaji akampa bei, akaandika dhamana kwenye karatasi: vumbi, maji, moshi, udi, ubani na buhuri.

Bi Zubeda ana mashine bora kuliko yoyote ambayo Mwinyihaji amepata kuuza Magogoni, na hakuilipia. Inaandika miadi. Daktari aliyempata baada ya Lynnette huja mara mbili kwa wiki, hung'oa, hupokea chake, huenda. Mizizi haigusi, na watu wa Bamburi wameacha kuja. Bi Zubeda akiulizwa husema ameibiwa daktari na muuza kompyuta. Mwinyihaji alikuwa na zahanati nyingine mbili Magogoni zilizokuwa zikinunua kwake. Sasa zanunua kwingine. Bi Zubeda amezipitia zote mbili mwenyewe, kwa miguu.