Mashine ya presha ya mke wangu ilivyopima mtaa mzima hapa Gisenyi

Wakuu, nawasalimu kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, hatua chache tu kutoka Goma. Ninachoandika hapa kilitokea sebuleni kwangu. Sijaongeza chumvi, na chumvi yenyewe mtaona nyumbani kwangu imepigwa marufuku.

Kwanza mnijue. Nimezaliwa ukimbizini Karagwe, Tanzania, nikarudi Rwanda nikiwa kijana na begi moja. Sikurithi hata kijiko. Nina diploma ya umeme, na hoteli kadhaa mnazoziona ziking'aa kando ya ziwa, nyaya zake nimezipitisha mimi. Nyumba nimejenga mwenyewe, sebule kubwa, tiles mpaka uani. Wenye wivu mnywe maji, tuendelee.

Mke wangu anaitwa Clarisse, na Kiswahili chake ni cha Goma, chenye Kifaransa kidogo ndani. Mtaani wanamwita Mama Bella.

Bella ndiye mtoto wetu wa pekee. Mimba yake ilikuja na presha. Miguu ilivimba, kichwa kikauma, macho yakaona vimulimuli, na madaktari wakamfanyia operesheni kabla ya wakati ili kuwaokoa wote wawili. Tukadhani mtoto akishatoka na presha inatoka naye. Haikutoka.

Shida ni kwamba Clarisse anataka mtoto wa pili. Anataka kweli kweli. Mimi nilikuwa naogopa, sitaficha, kwa sababu ile siku ya operesheni niliiona.

Hapo ndipo watafiti walipoingia. Hospitalini kulikuwa na timu inayofuatilia wanawake waliopata presha wakiwa wajawazito. Wanataka kujua kwa nini kwa wengine inabaki na kuwa ugonjwa wa kudumu, na jinsi ya kumwandaa mwanamke ili abebe tena salama. Kiongozi wao ni mama mmoja, Daktari Solange. Anaongea taratibu, lakini ukimpa jibu la ovyo anakuangalia mpaka unalirekebisha mwenyewe.

Clarisse akaingia kwenye utafiti. Wakambadilishia dawa, wakampa ile inayofaa kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba. Wakampa na mashine ya kupima presha nyumbani, asubuhi na jioni. Mashine inatuma namba kwenye simu yake, simu inatuma kwa watafiti. Kijana aliyekuja kuiunganisha alihangaika, nikamwambia kaa hapo unywe chai. Dakika chache tu ikawaka. Diploma haikai ukutani bure.

Makubaliano yalikuwa haya: apime miezi kadhaa, namba zikitulia, daktari atamwambia kama anaweza kubeba mimba. Na sharti lilikuwa moja. Mashine ni ya mkono wake peke yake. Akivunja sharti anaweza kutolewa.

Sasa wakuu, nyumba yangu Jumapili mchana ndipo kinapokutana kikundi cha akina mama cha akiba, ikimina tunaita hapa. Wanakutana kwangu kwa sababu ya sebule, na kwa sababu TV yangu ni kubwa kuliko ya mtu yeyote mtaani.

Unaweka mashine ya presha kwenye meza mbele ya akina mama kumi, halafu unategemea nini? Mmoja akasema, "Mama Bella, nipime na mimi kidogo tu." Wa pili akavuta mkono wa kitenge. Ikawa ndiyo desturi ya kila Jumapili. Wanapimana, wanachekana. "Wewe presha yako ni ya kuku." "Na yako ni ya mutu mwenye deni." Kicheko.

Jumapili moja bando la simu lilikuwa limekwisha, namba zikabaki humo humo. Jumatatu asubuhi nikaweka bando, zikaenda zote kwa mpigo. Tukiwa bado tunakunywa chai, simu ikalia.

Ni Daktari Solange. Clarisse akaweka spika.

"Clarisse, jana mchana ulikuwa na mia moja sabini na mbili juu ya mia moja kumi na nne. Njoo hospitali sasa hivi. Na ile habari ya mtoto tuiweke pembeni kwanza."

Clarisse akasema ndiyo, akakata simu. Uso wake sikuupenda.

Halafu akaivaa mashine. Mia na ishirini na nne juu ya themanini. Akapima tena, ni ile ile.

Tukaangaliana. Ile namba ya jana haikuwa yake.

Mimi mtu wa umeme nikawa na jibu tayari. Nikamwambia: sema mkanda ulilegea. Inatokea, mkanda ukifungwa vibaya namba zinaruka, hata mimi naweza kumweleza daktari kitaalamu. Hapo hutolewi kwenye utafiti na mtoto wako hatapotea.

Clarisse akaniangalia. "Bon. Na mwenye ule mukono?"

Akampigia daktari mwenyewe. "Daktari, mukono wa jana haikuwa wangu. Iko wa mutu wa kikundi. Sijui nani."

Daktari akauliza: "Ni wangapi wanaotumia mashine?"

"Wote."

"Kuna mjamzito kati yao?"

"Daktari, we ni mutu wa hapa. Nani atasema mimba kabla tumbo halijasema?"

"Basi mtafute kabla hajaanguka. Mambo yako tutayaongea baadaye."

Hilo "baadaye" ndilo lililomuuma Clarisse, nilimwona. Lakini alishachukua kitenge na mashine yuko mlangoni.

Nikatoa gari. Tukaenda nyumba kwa nyumba, anapima, anauliza kama kichwa kinauma, tunaondoka. Wote wazima, mmoja akakasirika kwamba tumemwamsha mtoto. Akabaki Furaha, jirani wa nyuma yetu, mama mnene mcheshi anayeuza nyanya Goma. Kwake tukakuta mlango umefungwa. Alishakwenda mpakani.

Tukamkuta bariyeri ndogo, geti la mpaka la waenda kwa miguu, kwenye foleni ya akina mama wenye mizigo, beseni la nyanya kichwani.

"Furaha, toka kwa mustari," Clarisse akamwambia.

"Nikitoka, nafasi yangu unanilindia we?"

"Kichwa inakuuma?"

"Kichwa ya nani haiumi hapa? Angalia jua."

Clarisse akamshusha beseni kwa nguvu, akamkalisha juu ya gunia la viazi la mtu, akamfunga mkanda. Wanawake wakaacha kusukumana, wakaanza kuchungulia. Namba ikatoka juu kuliko ya jana.

Clarisse akainama, akamnong'oneza kitu sikioni. Furaha akatazama chini, halafu akanitazama mimi.

"Papa Bella asogee kwanza."

Nikasogea. Yaani gari langu, mafuta yangu, na bado nasogezwa. Nikaenda kutazama upande wa Goma kama mtalii. Niliporudi, Furaha yuko kiti cha nyuma, nyanya kamwachia mwenzake avuke nazo, na Clarisse ananiambia neno moja: "Endesha."

Mimba ilikuwa imepita miezi sita. Mwili mkubwa, vitenge viwili, na hakuna aliyejua isipokuwa mumewe. Kliniki hakuwa amekwenda hata mara moja. Hospitali wakamlaza hapo hapo. Walimhudumia, wakaisogeza mbele ile mimba wiki kadhaa, kisha akajifungua mtoto njiti, wa kubebwa kifuani apate joto. Mama na mtoto wako nyumbani sasa, na mtoto analia kwa sauti ya mama yake akiuza nyanya. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta, kwa hiyo nashuhudia.

Turudi kwa Clarisse. Daktari Solange alituita wote wawili. Nilitegemea mahubiri. Badala yake akauliza swali: "Kwa nini hukuwakatalia?"

Clarisse akajibu, "Daktari, mutu iko kwako, anaona kitu cha kumusaidia, umwambie hapana, ni yangu? Kesho nitaishi na nani?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema walipoulizia kwa wanawake wengine wa utafiti, hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Mashine ina mikono ya mtaa mzima. Wao walipanga mwanamke mmoja, mashine moja, na hapa hakuna anayeishi hivyo.

Hakumtoa. Ila namba za nyuma zikafutwa zote, kwa sababu haikujulikana ipi ni ya nani. Akaambiwa aanze kupima upya. Kwa mwanamke anayehesabu umri wake, hiyo si adhabu ndogo. Aliitikia tu.

Na utafiti wenyewe ukabadilika. Sasa kabla ya kupima, simu inauliza: ni wewe au mgeni? Namba ya mgeni ikiwa mbaya, naye anapigiwa. Wazo la hicho kitufe nilitoa mimi, mbele ya mashahidi. Daktari Solange anasema walikuwa wameshalifikiria. Sawa.

Clarisse akapima upya, asubuhi na jioni, chakula bila chumvi na mimi nikiteseka naye. Juzi tukaitwa kusikia majibu. Daktari akapitia namba zote, mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshika kiti.

"Clarisse, unaweza kujaribu. Lakini siku utakayokosa damu ya mwezi, siku hiyo hiyo nipigie. Usisubiri tumbo lionekane."

Nikafungua mdomo kuuliza maswali yangu ya kitaalamu. Clarisse akaniwekea mkono gotini.

"Nitakupigia, daktari," akasema. "Nitakupigia kabla ya kumwambia huyu."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba presha ya mimba haiishi kwa sababu mtoto amezaliwa. Mkeo, dada yako, mama yako, kama aliipata zamani, muulize leo mara ya mwisho alipima lini. Na mjamzito asifiche mpaka kliniki impite, hata kama majirani wana macho.

Waliopitia haya waandike hapa chini, hasa akina mama, mimi nitasoma na kumsomea Clarisse. Anayetaka kusema najisifu naye aandike, nimezoea.