Kikopo cha Muzee Kamate

Saa moja asubuhi, Apolline Masika anagonga lango la mabati mtaani Katoyi, Goma. Begani ana sanduku la barafu, na ndani yake vikopo tisa vya choo cha watu.

"Wenzako wanatafuta madini ya koltani, wewe unatafuta mavi," mwenye nyumba anamtania, akimkabidhi cha kumi.

"Kila mutu na shimo yake, mama."

Apolline, 34, hukusanya sampuli za utafiti wa saratani ya utumbo mpana. Vikopo hupitia mpaka wa Bunagana hadi maabara jijini Kampala, Uganda.

Kinachotafutwa ni alama ndogo za kikemikali zinazojibandika kwenye jeni. Jeni yenyewe haibadiliki hata herufi moja, ila ile inayozuia seli kuzaana ovyo hunyamazishwa. Hilo huweza kuanza miaka mingi kabla ya saratani.

"Ni kama santineli, mulinzi wa lango, mwenye kufungiwa mu kibanda yake," anaeleza. "Hakukufa, hawakumufukuza. Lakini wezi wanaingia. Sasa najiuliza, nani alifunga ule mulango? Chakula? Moshi? Uzee?" Anacheka kidogo. "Hata madokta hawajamaliza kujua."

Swali hilo anarudi nalo nyumbani. Baba mkwe wake, muzee Kamate, 61, amezika kaka zake wawili waliokufa kwa saratani hiyo. Yeye hajisikii vibaya, na ndiyo maana Apolline alitaka apimwe sasa.

"Bibi ya mutoto wangu ashike choo yangu?" muzee alisema. "Afazali nikufe."

Apolline akamtuma mwenzake wa kazi, Éphraïm. Muzee akatoa kikopo bila ubishi. Jioni mama mkwe akamvuta Apolline jikoni: "Mwanangu, ile ni yangu. Muzee ndiye alinituma."

Ikabidi kikopo hicho kitupwe. Ndipo Éphraïm akamweleza muzee kwamba vikopo havina majina, vina namba tu, na mtu anaweza kujipelekea mwenyewe. Jumatatu muzee alivaa koti la misa, akapanda pikipiki hadi ofisi ya utafiti, akaweka kikopo chake kwenye friji kwa mkono wake.

"Mukwe wangu asijue namba," aliagiza.

Majibu ni baada ya wiki sita. Ataambiwa muzee peke yake.

"Wakimukuta na alama, itabidi wanawe nao wapimwe. Ni damu ya watoto wangu pia," anasema Apolline. Ameomba vikopo vitano zaidi, kimoja kwa kila mwana wa muzee. "Sitamuuliza muzee kitu. Nitaviweka tu kwa mama mkwe, yeye anajua kusema naye. Kama kuna kitu, atavigawa."