Nililificha Tairi Bovu Chini ya Gari la Baba Mkwe

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la ofisi yangu, maana Kisii ni ndogo na Nyamira ni ndogo zaidi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, karani katika ofisi moja mjini Nyamira. Nimemchumbia binti kutoka mtaa wa Nyanchwa mjini Kisii, nitamwita Kemunto. Baba yake ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Kaka yake, nitamwita Nyabuto, ndiye aliyetukutanisha na ndiye mshenga wetu. Kwa wasiojua mila zetu Wakisii, kati ya mkwe na baba mkwe kuna heshima tunayoiita chinsoni. Simtanii, sikai karibu naye, na jambo la aibu silipeleki mbele ya uso wake. Likiwepo neno gumu, linapitia kwa mshenga.

Mvua zilipoanza, macho ya mzee yalimsumbua, daktari akamkataza kuendesha kwa muda. Ana kagari kadogo anakokapenda kama kitinda mimba, na alikuwa amekavalisha matairi mapya kwa bonasi ya majani chai ya shamba lake. Akaniita. "Gari likikaa linaoza. Enda nalo kazini. Nyabuto atatupeleka kanisani Sabato, lakini siku nyingine simpi. Ana mguu mzito kwenye mafuta." Watu walishangaa: kijana ambaye bado hajaoa anapewa gari la baba mkwe! Mama yangu alienda kuwaambia majirani.

Wenzangu ofisini nao wakajua. Siku moja wakaniomba niwaletee ndizi kutoka soko la Birongo. "Mkwe wa mwalimu," mmoja akanichokoza, "umekuwa mtu wa gari, mikungu michache tu ikushinde?" Nikaona haya kukataa. Nilipakia mpaka gari likakaa chini kwa nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha, mashimo yamejaa maji, na gurudumu la mbele la kushoto likaingia katika shimo ambalo sikuliona. Mshindo wake niliusikia kwenye meno. Tangu hapo gari likawa linavuta kushoto. Ili liende moja kwa moja, ilinibidi niushike usukani upande, kama mtu anayemwongoza mlevi nyumbani.

Ningesema siku hiyo, nadhani yangeisha kwa pole. Sikusema. Sikuenda hata kunyooshewa magurudumu, kwa sababu mwenye mashine ya kazi hiyo mjini Kisii anasali na mzee, nami niliogopa atamwambia. Niliendelea kwenda kazini nimeushika usukani upande.

Asubuhi moja nikiosha gari, nilipitisha mkono upande wa ndani wa lile tairi, kitu kikanichoma kidole. Nje lilikuwa na meno yake yote, ukilipita utadhani ni jipya. Ndani lilikuwa limelika mpaka nyuzi za chuma zikatokeza. Nililipeleka kwa fundi wa pancha huku Nyamira, nikamwomba alihamishe nyuma na la nyuma alilete mbele. Mbele ukikata kona upande wa ndani unaonekana. Nyuma hauonekani mpaka mtu alale chini.

"Boss, hii haitaki kuhamishwa, inataka kutupwa," akaniambia.

"Weka tu. Ni kwa muda mfupi."

Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba ubaya haukuwa katika tairi, ulikuwa katika magurudumu yaliyopindwa na lile shimo. Lile nililoleta mbele nalo likaanza kulika vilevile.

Sabato iliyopita mzee alikuwa ameshapata miwani mipya. Tulipotoka kanisani, Nyabuto aliegesha gari magurudumu yakiwa yamekata kona, na mzee akainama, akaona upande wa ndani wa tairi la mbele. Tulipokuwa tunakula, mimi nimekaa mbali naye, ndipo akauliza.

"Nyabuto, tairi langu umelifanya nini?"

"Tata, mimi naendesha Sabato peke yake. Ni kushuka mlima na kupanda."

"Kushuka kwa mbio. Mwige shemeji yako. Huyu anaendesha kama amebeba mayai."

Nyabuto akanigeukia akitabasamu. "Karani, nitetee basi."

Niliitazama sahani yangu. Nikasema, "Barabara siku hizi ni mbaya, Tata." Ni hayo tu niliyosema. Kemunto akaniongezea mboga.

Mzee alichukua gari lake, akanyoosha magurudumu na kuweka matairi mapya mbele. La nyuma hakuna aliyelala chini kulitazama. Sasa Jumapili hii anakuja yeye mwenyewe, akiendesha, pamoja na mama mkwe na shangazi wawili, kuona boma letu. Watapita miteremko yote hiyo juu ya tairi nililolificha mimi.

Leo mchana Nyabuto amenipigia. "Karani, Tata amesema nisiguse usukani tena. Jumapili nitakuja na boda. Uniwekee maji ya kunawa miguu, nisiingie kwenu kama nimetoka kulima." Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Najua mtaniambia nimpigie mzee sasa hivi. Lakini sijawahi hata kumtazama machoni, na neno kama hili mila inanituma nilipeleke kwa mshenga. Mshenga ndiye huyo ambaye nimemwacha abebe kosa langu mbele ya baba yake na dada yake. Naogopa wakijua, hawatakuja kabisa. Naogopa zaidi kwamba watakuja.

Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua, na wanazisifu. Tangu aliponipigia nimefungua ujumbe wa kumwandikia Nyabuto, nimeandika "Shemeji" na kufuta, nimeandika "Ndugu yangu" na kufuta. Nitukaneni baadaye, nitasoma yote. Kwa sasa, mtu mmoja anisaidie: baada ya jina lake, niandike nini?