Sifuri Niliyompa Mwalimu Wangu

Leo nimempa mwalimu wangu wa sekondari sifuri, na siifuti!

Sie tunaojitolea kwenye tovuti ya nukuu huwa tunazipa nukuu alama, sifuri hadi nne. Nukuu inayoongoza ndiyo inakaa ukurasa wa mbele kesho yake. Mwalimu, naye mwenzetu humo, kaleta yake, wote wakaipa nne. Mie nikauliza imetoka kitabu gani.

Kitabu sikutajiwa, nikaipa sifuri.

Mara simu yake hiyo, nami nipo zangu nyumbani Chamazi naanua nguo.

"Binti, unaniaibisha mbele za watu?"

"Shikamoo mwalimu. Nitajie kitabu, naipa nne sasa hivi."

Akaguna. "Niliiona kwenye kalenda."

"Basi sifuri inabaki, mwalimu."

Jioni kaiondoa nukuu yake mwenyewe. Wenzangu wanasema sina adabu, nikamwombe radhi.

Siombi!

Nyie mngeipa ngapi?