Ngoma Yetu na Msiba wa Jirani

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ukumbi mmoja nyuma ya soko la Kariakoo, nilipewa ufagio. Mwongozaji, yaani anayewafundisha waigizaji wasimame wapi na waseme vipi, aliniambia, "Kijana, jukwaa ni mahali pa kazi. Lifagie kwanza, mengine utayajua." Nikafagia huku nikijifunza majina. Maleba ni nguo za kuigizia. Hadhira ni nyie mnaokaa kule chini mkapiga kelele.

Baadaye nikapewa ngoma. Msidhani ni burudani! Kwetu ngoma ilikuwa ishara: ikilia, mfalme anaingia, ikilia tena, taa zinazimwa. Bila ishara, mwigizaji anabaki nyuma ya pazia kama mbuzi aliyefungwa.

Basi, siku ya kufungua mchezo mpya, ukumbi umeshajaa, jirani wa ukuta kwa ukuta akafiwa na mwanawe. Turubai likafungwa barabarani, vilio vikatufikia.

"Mzee," nikamwambia mwongozaji, "leo ngoma haipigwi."

"Watu wameshakaa! Piga."

"Pana msiba, mzee. Mtaa mzima umezima redio."

"Usipopiga, kesho usije."

Mtu wa Masasi mimi, mgeni mjini, mke mjamzito, kazi nyingine sina. Niliogopa, nisiwadanganye. Lakini nikaiweka ngoma chini, nikasimama pembeni mwa jukwaa, nikawa natoa ishara kwa mkono. Mchezo ukaisha salama, tukaenda kukaa msibani, wengine na maleba yao mwilini. Mwongozaji hakubadili neno lake, kazi ikaniishia. Nikarudi Ilala nilikopanga chumba, kutafuta kibarua, na vibarua vyenyewe, mh, vya kubahatisha.

Arobaini ya yule mtoto ilipopita, mwongozaji akaja kupiga hodi kwangu.

"Twende ukumbini. Yule mama mfiwa kakaa mstari wa mbele, anamtaka mpiga ngoma. Haondoki."

Nikamkuta. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wangu alikuwa akiisikia ngoma yako mnapofanya mazoezi, anacheza uani mpaka anaanguka. Siku ile ulimstahi. Leo mpigie acheze."

Nikapiga, machozi yananitoka. Mwongozaji akavua kofia, na kesho yake nikaingia kazini kama kawaida.

Sasa nimestaafu, mikono inauma. Wafalme niliowapigia wakaingia jukwaani ni wengi, hata siwakumbuki. Yule mtoto sikuwahi kumwona, lakini namkumbuka.